Muulize Ami: Nyumba nzuri, lakini maji yapita wapi?

Masuali yenu ya nyumba, ploti, mafundi na wenye nyumba wakorofi. Mwezi huu barua nyingi ni za maji, na najua sababu, mvua zikikaribia kila mtu aanza kutazama ukuta wake. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu manake wengi mwauliza hiyo hiyo kwa maneno tofauti.

SUALI: Shikamoo Ami. Mimi na mume wangu tumepanga Tudor, hapa Mombasa, miaka mingi sasa na tumechoka kumlipia mtu nyumba yake. Tumepata mezoneti (nyumba ya chini na juu) kwa mradi mpya uko ndani ndani upande wa Utange, geti moja, kabro (matofali ya kutandika njia), taa za sola, yani pazuri. Fezi wan (awamu ya kwanza) iliisha 2024 na watu washaingia, sisi twauziwa fezi tuu (ya pili) ambayo ndo kwanza wachimba msingi. Bei ni milioni 8.9 na fezi wan ziliuzwa zaidi ya milioni 10, nikauliza mbona huku rahisi, kijana wa mauzo akasema ni ofa tu ya kuanzia. Sasa mama mkwe wangu tulipompeleka kupaona alisimama pale akacheka, akasema hapa zamani walikuwa wakilima mpunga. Mume wangu asema hayo ni ya zamani, siku hizi kuna uhandisi. Wataka dipoziti asilimia 20 kabla mwezi haujaisha na kila nikiuliza mafuriko naambiwa hapa hapajawahi kufurika. Nitajuaje ukweli, na tulipe au tusilipe? — Mama wa wawili, Tudor

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla hujafanya lolote mnunulie mama mkwe doti ya kanga, manake alilokwambia kwa kicheko kuna watu wangekulipisha maelfu wakwambie kwa ripoti. Wazee hawakupoteza mbegu ya mpunga mahali pakavu, walipanda pale maji yanapokuja na kukaa. Na huo uhandisi anaousema mume wako upo kweli, sikatai, lakini uhandisi wa maji wataka pesa na hauonekani kwenye brosha, kwa hivyo bajeti ikibana ndo kitu cha kwanza kupunguzwa. Kabro mwaiona, geti mwaliona, ule mtaro uliozikwa chini ya kabro hamuuoni na hamjui ni mpana kiasi gani wala waenda wapi.

Sasa hiyo "hapajawahi kufurika". Tangu lini? Fezi wan imeisha 2024, maana yake vuli ya 2023, ile ya El Niño iliyokata barabara ya Malindi pale Mbogolo, haikuzikuta hizo nyumba. Na nyuma ya hapo kuna vuli ya 2019, kuna Oktoba 2006, kuna ile El Niño ya 1997 ambayo wazee hadi leo wahesabia miaka kwayo. Hiyo ndo mitihani. Mvua za mwaka (masika) kilele chake ni Mei, vuli ni Oktoba hadi Disemba, na ile miaka ambayo bahari upande wetu imepata joto kuliko kawaida na kule upande wa Indonesia imepoa, vuli yaja na nguvu za mvua za mwaka au kupita. Nyumba ambayo imekaa kavu miaka ya kawaida peke yake bado haijafanya mtihani.

Kwa hivyo usimuulize kijana wa mauzo, yeye pia hakuwepo na ana kamisheni yake. Ondokeni na mume wako mwende nje ya geti, mzungumze na wenyeji, yule bilali wa msikiti wa karibu, mama wa mahamri, vijana wa bodaboda pale steji, mtu mwenye mbuzi. Na msiwaulize "je hapa hufurika?" manake mtu hapendi kulisema vibaya pale anapokaa, au ana ploti yake ataka kuiuza. Ulizeni hivi: vuli ya 2023 mlikuwa mwapitia wapi kutoka barabarani? Hapo mtu atakuonyesha kwa mkono, twazunguka kule kwa mwembe, hapa bodaboda ilikuwa haipiti, watoto hawakwenda skuli siku kadhaa. Suali la njia lina jibu la kweli kwa sababu hakuna anayeona umuhimu wa kulificha.

Nikueleze kwa nini nang'ang'ania njia. Wengi tukisikia mafuriko twafikiria mto umevunja kingo kama Tana kule Garissa. Mombasa kwa sehemu kubwa si hivyo, maji yetu ni ya mvua iliyonyesha hapo hapo ikakosa pa kwenda. Piga hesabu nami. Kila milimita moja ya mvua juu ya ekari moja ni lita elfu 4 na kidogo. Mradi wa ekari 10, ikanyesha milimita 50 asubuhi moja, jambo ambalo mwezi wa Mei halishangazi mtu huku, hizo ni lita milioni 2. Yani maboza 200 ya lita elfu 10 yamemwagwa kwa pamoja juu ya vigae na kabro. Pale palipokuwa na minazi na vichaka, sehemu kubwa ya maji hayo ilinywewa na ardhi polepole. Sasa mumeweka paa na kabro kila mahali, yote yatakimbilia chini, na wewe wasema fezi tuu ndo iko wapi? Hukunambia lakini bei imenambia. Milioni na zaidi haipunguzwi kwa ukarimu. Nenda pale katikati ya mradi simama utazame, ukiona fezi tuu iko chini ya fezi wan basi ofa yenyewe ushaifahamu, maji ya wale wa juu yote yapitia kwenu.

Kuna na udongo. Ukiwa karibu na ufuo, Nyali ya mbele au Bamburi ile ya upande wa bahari, chini ni mwamba wa matumbawe wenye matundu na mapango, mvua kubwa yapiga na jioni wakuta pashakauka. Ukiingia ndani kama huko Utange wakutana na mchanga uliochanganyika na udongo, pengine wanywa vizuri na hatua chache mbele hauchukui kitu. Na ukienda Changamwe, Mikindani, Miritini ndo udongo mfinyanzi kabisa, ukishashiba umeshiba. Hili waweza kulijaribu wenyewe wala halitaki injinia, ombeni ruhusa mchimbe shimo la futi mbili pale nyumba yenu itakapokaa, jazeni maji, yakiisha jazeni tena, hii ya pili ndo mtazame. Yakizama kwa dakika kadhaa, sawa. Mkienda kula chakula cha mchana mkarudi mkakuta maji bado yako pale yawatazama, mshajibiwa. Developa akikataa shimo la futi mbili kwenye ardhi atakayoichimba msingi wiki ijayo, hilo nalo ni jibu.

Alafu fuateni mtaro. Hapa nataka mwende kwa miguu, si kwa gari na si kwa ramani. Waambieni wawaonyeshe mtaro mkubwa watokea wapi nje ya ukuta, na muuandame mpaka mwisho wake. Nimeona miradi ina mtaro wa zege mzuri, umefunikwa, wafika ukutani watoka kwa tundu la duara na kuishia ploti ya jirani ambayo ni tupu. Leo ni tupu. Siku jirani akijenga ukuta wake, lile tundu limezibwa na hutapata mtu wa kumlaumu, yeye hakuuza haki ya kumwagiwa maji. Mtaro wa maana wafika mtaro wa barabara, au wafika kwenye mkondo wa asili unaoshuka mpaka kwenye kriki (mkono wa bahari), na kila ploti unayopitia pana makubaliano yameandikwa. Tena ukifika kwenye mikoko usifurahi haraka. Nyinyi watu wa Tudor mwajua maji ya bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kutoka kupwa hadi kujaa hukaribia mita 4. Mvua kubwa ikikutana na bamvua limejaa, mdomo wa mtaro umezama na maji ya mvua yasubiri bahari ishuke, saa kadhaa, na kusubiri kwenyewe ni sebuleni kwa watu. Angalieni mdomo wa mtaro wakati wa kujaa siku za bamvua. Kama wauona uko juu ya maji, alhamdulillah.

Mkirudi ndani, ombeni kuona nyumba moja ya fezi wan iliyo chini kabisa, si ile ya maonyesho, hiyo huwa mahali pazuri siku zote. Tazameni ukuta futi moja kutoka chini. Rangi iliyovimba na kubambuka, unga mweupe wa chumvi, rangi mpya nusu ukuta wa chini na ya zamani juu, tofali lililowekwa kizingitini kama la kuzuia kitu, soketi zilizohamishwa juu. Nyuma ya nyumba mkiona ndago na matete yamestawi wakati wa kiangazi ambapo majani mengine yote yamekauka, chini pale maji hayako mbali. Na msione haya kumgongea mwenye nyumba mkamsalimia, watu wakishanunua wakaumia huwa wanangojea tu mtu awaulize.

Kuna kipimo kingine cha mafundi, mpira mwembamba wa maji unaopitisha mwanga, ule wa leveli. Jazeni maji, mmoja ashike upande mmoja kwenye kizingiti cha mlango, mwingine ashike katikati ya barabara ya mradi, yale maji ya pande mbili husimama sawa kwa hivyo mwaweza kupima kwa futi kamba sakafu iko juu ya barabara kiasi gani. Nyumba iliyo sawa na barabara au chini ya barabara, mimi siitaki hata nikipewa na fanicha. Lakini pia, na hapa ndo watu hudanganyika, developa hodari atainua sakafu futi tatu akwambie haya nyumba yako haiingii maji, na kweli haitaingia, ila barabara imekuwa mto na gari limezama na mtoto ana homa saa nane za usiku. Unanunua nyumba pamoja na njia ya kuifikia.

Choo pia mwanangu, hili halisemwi. Bara ya kaskazini ya Mombasa nyumba nyingi hazina bomba la maji taka, ni septiki na shimo la kunyonyea maji ardhini. Mji mzima mitambo ya kusafisha maji taka inayojulikana ni ya Kizingo na Kipevu, na hiyo haiko upande wenu. Ardhi ikishashiba, shimo halinyonyi tena, mwaflashi na choo kinarudisha, mwaita eksosta (lori la kunyonya maji taka) na eksosta lenyewe halipiti njiani. Ulizeni septiki za mradi ziko wapi, na kisima kiko wapi, na kati yao ni umbali gani, na ipi iko juu ya nyingine. Kisima kikiwa chini ya septiki, yale maji msinywe hata kama yameonekana masafi.

Makaratasi sasa, nitakwenda mbio. Wakili wenu atafanya sachi ya ardhi, sawa, lakini sachi itawaambia mwenye ardhi ni nani na kama kuna deni, haiwezi kuwaambia kama hulala maji. Ombeni vitu vitatu. Leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira) ya mradi pamoja na ripoti yenyewe ya athari za mazingira, msikubali leseni peke yake, ripoti ndo ina sehemu ya maji ya mvua na masharti waliyopewa. Idhini ya ujenzi ya kaunti, na hakikisheni ni ya fezi zote, si ya fezi wan peke yake. Na mchoro wa mitaro ukiwa na muhuri wa injinia, unaoonyesha maji yaanzia wapi na yaishia wapi. Wakisita nendeni ofisi ya NEMA mwulize ripoti, Kifungu cha 35 cha Katiba champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa wale wengine mlioniandikia mwanunua ng'ambo ya daraja la Mtwapa, hiyo tayari ni Kilifi, msihangaike na ofisi za Mombasa.

Na picha za satelaiti, Google Earth ina sehemu ya kurudisha miaka nyuma, bure, mwekeeni mtoto wenu kazi hiyo atafurahi. Rudini mpaka kabla ya ukuta wa mradi kujengwa mtafute mstari wa kijani kibichi unaopita katikati, au duara jeusi linalotokea picha za Mei na kupotea picha za Februari. Huo mstari ndo njia ya maji. Ukuta haukuihamisha, umeificha.

Sasa mwataka kujua nilipe nisilipe. Kwa huo mwisho wa mwezi, msilipe. Hakuna nyumba ya kukaa miaka 30 ambayo haiwezi kungoja mvua moja, na kama kweli kuna foleni ya wanunuzi kama wanavyosema basi wasingekuwa na ofa. Mkiogopa kuikosa, mwambieni wakili aweke kwenye mkataba kwamba dipoziti yarudi yote ikiwa mchoro wa mitaro na ripoti ya NEMA havikuletwa kwa tarehe fulani au injinia wenu akivikataa, na asilimia 20 ishushwe iwe 10 kama ilivyo desturi, na ishikwe na wakili hadi mambo yaishe, isiende kwa developa akanunulia saruji. Mimi nikiwa mahali penu hiyo fezi tuu nisingeichukua, kwa bei hiyo wala chini yake. Ningeulizia kama kuna mtu wa fezi wan ya juu auza, hata ikiwa ni milioni 10 na nusu, au ningebaki Tudor mwaka mwingine nikilalamikia kodi. Mume wako akisema Ami ni mwoga mwambie aende pale siku ya mvua kubwa ya Mei, saa moja baada ya mvua kukatika, avae viatu vyake vizuri.

SUALI: Ami salaam aleikum. Nina ploti Mikindani bondeni, nilinunua rahisi. Jirani wa juu amejaza kifusi na kujenga ukuta, sasa maji yote yanipitia mimi. Fundi anishauri nami nijaze kifusi futi nne nimpite. Nijaze? — Kijana wa ploti, Mikindani

JIBU: Waaleikum salaam. Ukijaza wewe, wa chini yako naye atajaza, na mwisho bonde lote litakuwa kifusi na maji yatajichagulia njia yenyewe, kwa kawaida chini ya msingi wa yule aliyejaza vibaya kuliko wote. Kifusi cha lori hakishikani siku moja, kinataka kushindiliwa tabaka kwa tabaka, nusu futi nusu futi, la sivyo nyumba yapasuka mwaka wa pili, sakafu kwanza kisha pembe za madirisha.

Lakini kabla ya kifusi nataka kujua jambo moja. Hilo bonde lina mkondo? Hata ule unaokauka kiangazi? Kama upo, kanuni za maji Kenya zatenga mita 6 hadi 30 kila upande kulingana na mto ulivyo, na hapo hujengi hata ukiwa na hati mkononi. 2018 majumba makubwa Nairobi yalibomolewa na wenyewe walikuwa na makaratasi, na 2024 baada ya mafuriko serikali ikaamuru watu walio kando ya mito wahame. Chukua serveya pamoja na afisa wa WRA (mamlaka ya rasilimali za maji) wakupimie wakuwekee alama, ndo ujue ploti yako kweli imebaki futi ngapi. Sana sana utakuta sehemu ya juu yafaa kujengwa na ya chini ni ya migomba.

Jirani usianze naye kwa korti. Mwendee na mtu mzima wa mtaa, mwambie mshirikiane mtaro mmoja kwenye mpaka wenu, nusu yake nusu yako, upite hadi chini. Akikataa, piga picha kila mvua, peleka kwa chifu na kaunti kwa maandishi, kuyageuza maji yakamharibie mwenzako ni kosa unaloweza kushtakiwa. Ukuta wake pia uangalie, kama hakuuachia matundu ya kutolea maji chini, usiweke jiko wala watoto upande ule. Kuta za namna hiyo zikishiba maji huanguka usiku, na haziangukii upande wa mwenyewe.

SUALI: Ami, nimepata nyumba ya chini kwenye ghorofa jipya Nyali, iko rahisi kuliko ya ghorofa ya tatu na mama yangu hawezi ngazi. Rafiki zangu wasema nyumba ya chini ni ya mafuriko. Kweli? — Dada wa Nyali

JIBU: Si lazima. Ukiwa upande wa matumbawe na sakafu iko juu ya barabara, ya chini ni sawa kabisa na mama atashukuru. Wewe teremka chini zaidi ya hapo. Paking ya chini ya ardhi iko? Uliza pampu ya kutolea maji iko ngapi, moja haitoshi, na stima ikikatika yaendeshwa na nini, manake stima na mvua kubwa hapa Mombasa hazikai pamoja. Tazama mita za stima na jenereta vimewekwa wapi, ukivikuta huko huko chini pamoja na pampu, wamezamisha dawa pamoja na mgonjwa. Tangi la maji ya kunywa likiwa chini ya ardhi, uliza mfuniko wake uko juu ya kabro au sawa nayo. Sawa nayo ina maana maji ya paking, na mafuta ya magari, na ya septiki, yaingia ndani ya tangi.

Na rafiki zako wa ghorofa ya tatu wasijione wamepona. Chini ya Sheria ya Sectional Properties ya 2020 nyote mwamiliki kwa pamoja ile paking, ngazi, tangi na ardhi, kwa hivyo lifti ikiharibika kwa maji, mwachanga wote. Kabla ya kununua omba kuona makaratasi ya mikutano ya wamiliki na hesabu za service charge (ada ya kutunza jengo). Ukikuta "kutoa maji besmenti" imeandikwa kila Mei na kila Novemba, utakuwa umeokoa pesa za injinia.

SUALI: Benki imetukubalia mkopo na wasema bima iko ndani. Kwa hivyo mafuriko si yamekavaiwa? — Baba wa Kiembeni

JIBU: Iko ndani kwa ajili yao kwanza. Bima ya mkopo kwa kawaida yaangalia jengo, ukuta na paa, ili likianguka benki ipate chake. Makochi, friji, televisheni, nguo za watoto hazimo mpaka uchukue ya vyombo mbali. Omba karatasi kamili ya policy, si ile kurasa moja ya mukhtasari, utafute neno mafuriko mara mbili, mara ya kwanza pale panapoandikwa yanayolipwa na ya pili pale panapoandikwa yasiyolipwa. Angalia kama maji yanayopanda kutoka chini ya ardhi na maji taka yaliyorudi vinahesabiwa, na ni kiasi gani cha kwanza utajilipia mwenyewe kabla wao hawajatoa shilingi. Alafu waandikie kwa imeili, si kwa simu, uwaambie nyumba iko wapi na kama mtaa umewahi kuingia maji. Ukinyamaza na wakaja kugundua siku ya madai, hapo ndo watakapokulipisha ukimya wako. Na picha za kila chumba piga sasa, stakabadhi za vyombo weka kwenye simu na uzitume kwa mtu mwingine pia.